Jino la Mama Ndezi

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni motoni. Enzi zile wanyama walisemezana kama majirani. Alikuwapo Mama Ndezi, yule panya mkubwa akataye matete kwa meno. Siku moja akauma jiwe, kak! Jino la mbele likavunjika nusu. Matete hayakatiki tena, na nyumbani watoto wawili wanalia njaa. Akaenda kwa Nyani, fundi wa meno.

Nyani akaliziba jino kwa nta. "Utafune polepole, mama."

Ndezi akauma tete. Nta ikabonyea, ikatoka. Akarudi.

"Hukutafuna polepole. Kosa lako." Nyani akaziba kwa udongo wa kichuguu.

Ndezi akauma tete. Udongo ukamong'onyoka. Akarudi.

"Hukutafuna polepole. Kosa lako." Nyani akachanganya nta na udongo.

Ndezi akauma tete. Kizibo chote kikatoka, akakimeza! Akarudi mbio kwa hasira.

Mlangoni akapishana na Simba, kinywani ana jino jipya la mfupa, limechongwa likachongeka, limegandishwa kwa ulimbo, limefungwa kwa uzi wa shaba kwenye meno ya pembeni.

"Fundi! Kumbe mfupa unao?"

"Mfupa ni wa wakubwa, mama. Wewe mla majani tu."

"Wanangu wana siku tatu hawajala!"

"Ungetafuna pole..."

"Funga domo!" Foleni nzima ya wanyama waliongoja kutibiwa ikageuka. "Au hapana, lifungue, wenzangu waone. Jino lako hilo la mbele nalo si la mfupa? Ling'oe! Jitie nta yako, utafune tete hili mbele yetu."

Nyani akainamisha kichwa. Sungura akainuka, akaenda zake. Swala akaenda zake. Kima akaenda zake. Foleni ikaisha.

"Keti, mama," Nyani akasema kwa sauti ndogo. "Nitakuwekea mfupa."

Ndezi akaketi, kamkazia macho. Nyani akachonga, akagandisha, akafunga. Ulimbo ulipokauka, Ndezi akauma tete: kwach! Likakatika vipande viwili.

"Sasa umeridhika, mama?"

"Jino nimepata," Ndezi akasema. "Kuridhika, bado."

Akabeba mzigo wa matete, akaenda kuwalisha wanawe. Asante hakuitoa, siku ile wala siku nyingine.

Nami hadithi yangu naikatia papo hapo.