Harufu ya Petroli Nyuma ya Mlango

Kaeni, wanangu. Huyo mtoto mpeni ziwa asije akanikatiza, maana neno nililo nalo leo lina moto, na likikatika katikati litaniunguza mwenyewe.

Wiki nzima hii nasikia kelele za mafuta. Sokoni mafuta, bombani mafuta, hata kwenye ule msiba wa juzi, marehemu hajafukiwa, watu wanabishana juu ya petroli. Mmoja anasema serikali iyashike mafuta kama inavyoyashika maji ya bomba, ipange bei na ihakikishe yanatoka. Mwingine anasema aa, hata hiyo bei inayopangwa ifutwe, biashara ni ya mtu, mwenye lori lake aachiwe auze apendavyo. Nikawasikiliza wote. Nikasema moyoni, haya, Jumapili nitawaletea mwanamke mwenye nyanya.

Mwanamke huyu aliishi huku juu, lakini alilima kule chini tambarare, ambako mfereji wetu haufiki. Kule maji yako mtoni, na mto umezama kwenye makorongo yake, hayapandi shambani mpaka uyavute kwa pampu. Na pampu inakunywa petroli. Pampu isiyo na petroli ni chuma cha kulalia kuku.

Nyanya zake zikatoa maua. Ninyi wakulima mnajua, ua la nyanya halina subira. Jua la Januari likilipiga nalo halijanywa, unalikuta asubuhi limelala chini, na ua lililoanguka hulirudishi hata ulie. Mwanamke yule hakuwa na kingine. Mahindi yaliungua na ukame. Nyanya zile ndizo zilikuwa unga, ndizo zilikuwa sare za shule, ndizo zilikuwa dawa za mama yake aliyelala ndani hawezi kugeuka. Kila kitu chake kilikuwa kinaning'inia kwenye yale maua ya njano.

Barabarani palikuwa na kituo cha mafuta, kimoja tu. Cha pili kiko mbali, nauli ya kwenda na kurudi inakula petroli uliyofuata. Mwenye kituo alikuwa bwana mmoja wa heshima. Anasalimia wakubwa na wadogo. Harambee ya kanisa haimpiti, na akitoa anasimama kidogo ili aonekane. Mnamjua wa namna hiyo. Msigeuke kutazamana.

Sasa, kila mwanzo wa mwezi serikali inatangaza bei kikomo, ile ambayo hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuivuka. Mwezi ule, siku chache kabla ya tangazo, mnong'ono ukatoka mjini: safari hii inapanda. Bwana yule akausikia. Akamwita binti anayewajazia watu mafuta, akamwambia, "Funga kamba."

Binti akafunga kamba mlangoni, akaning'iniza kipande cha boksi: HAKUNA MAFUTA.

Mwanamke akaja na kidumu chake.

"Mama, yameisha," binti akasema, anatazama chini.

"Yameisha vipi? Lori si lilishusha hapa jana? Nililiona kwa macho yangu, nikaliombea na baraka."

"Lilishusha."

"Sasa yamekwenda wapi? Yameota mbawa?"

"Mama, mimi nimeajiriwa tu. Usinitie matatani."

Bwana mwenyewe akatoka ofisini, kijiti cha meno mdomoni. "Dada yangu, mbona sauti? Mimi sheria sijaivunja. Tazama ubao ule. Bei ni ile ile ya serikali, sijaongeza hata shilingi."

"Basi niuzie kwa bei hiyo hiyo. Nyanya zangu zina maua."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshiba. "Serikali imenipangia bei, dada. Siku ya kuuza haijanipangia."

Mmesikia? Rudieni wenyewe moyoni. Bei nimepangiwa, kuuza sijapangiwa! Anaonyesha ubao wa bei kama mtu anayekuonyesha picha ya chakula na wewe una njaa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtu mwenye hila haibi kuku, anamficha mpaka mwenyewe aje kumnunua. Nilikuwa sielewi. Siku hizi naelewa.

Mwanamke hakukaa kulia. Akaenda mpaka kwa afisa biashara wa wilaya, akaeleza. Na nitasema haki, yule afisa hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti. Akamwambia, "Mama, kuficha mafuta ni kosa, na dawa yake ninayo. Lakini nikija mikono mitupu ataniambia mashine imeharibika, anasubiri fundi. Nipatie mtu mmoja tu, mmoja, aseme mbele yangu kwamba ameuziwa mafuta pale tangu kamba ifungwe. Nakuja leo leo, na kituo kitafunguliwa mbele ya macho yako."

Mtu mmoja! Mwanamke akarudi anakimbia, khanga inaanguka. Maana alijua, na kijiji kizima kilijua, kwamba nyuma ya kile kituo kuna mlango mdogo wa bati. Mbele kamba, nyuma madumu yanatoka. Mchana kweupe. Bei ya nyuma ilikuwa mara mbili ya ile ya ubaoni, na anayejuana ndiye anayepita.

Akaanza na jirani yake wa bodaboda, anaifuta pikipiki yake, inang'aa, injini bado ya moto.

"Kaka, hiki chombo chako kinatembea kwa uji?"

"Ni mafuta ya zamani, dada. Yalibaki."

"Siku zote hizi yanabaki tu? Njoo basi tukaseme kwa afisa."

"Mimi sijaona kitu. Nina abiria, ananisubiri."

Akaenda kwa mwenye duka, mume wa dada yake, yule mwenye jenereta ya kupoozea soda. Alipoingia tu mlangoni, petroli ikampiga puani mpaka machozi yakamtoka.

"Shemeji, karibu," mwenye duka akasema. "Mafuta? Sisi hatuna habari ya mafuta."

"Shemeji, nyumba yako inanuka."

"Ah, hiyo ni rangi. Tulipaka rangi."

Wanangu, kuta za nyumba ile zilikuwa nyeusi kwa moshi tangu babu yao yu hai. Rangi! Na nyuma ya mlango, chini ya gunia, shingo ya dumu ilikuwa inachungulia kama mtoto anayecheza kujificha.

Akaenda kwa mwalimu wa kwaya, mwenye kigari cha kubebea wanakwaya. Huyu angalau hakumwongopea. Alimvuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nitakwambia kweli. Nilipata. Lakini tukimkasirisha yule bwana, mwezi ujao hata ule mlango wa nyuma ataufunga. Itatufaa nini? Vumilia. Ni siku chache tu."

Siku chache tu. Kwa nani? Kwa mtu mwenye dumu ni siku chache. Kwa ua la nyanya ni maisha yote.

Basi mwanamke akachukua ndoo. Akashuka korongoni, akapanda, akashuka, akapanda. Mgongo ukakataa, akaendelea kwa magoti. Alinyeshea mistari ya karibu, ile ya mbali inamtazama. Jioni hata zile alizonyeshea zilikuwa zimejikunja.

Jumatano bei ikatangazwa. Imepanda. Kabla redio haijamaliza, kamba ikafunguliwa, na bwana wetu yuko mlangoni anapiga makofi: "Karibuni, karibuni! Mafuta yameingia!" Yameingia na nini? Hakuna lori lililopita. Yaliingia kwa mdomo wake.

Mwanamke alinunua kwa bei mpya, akawasha pampu, maji yakatiririka vizuri sana kwenye miche mirefu ya kijani isiyo na ua hata moja.

Tulieni, sijamaliza.

Bwana yule alikuwa na shamba lake huku juu, migomba na majani ya ng'ombe, nalo linakunywa kwenye mfereji. Nanyi mnajua mfereji wetu ulivyo. Babu zetu waliuchonga kwenye mwamba kwa majembe ya mkono, wengine wakaanguka wakafa. Maji yake hayauzwi. Kila nyumba ina zamu. Ukimaliza unaachia, na siku ya kuzibua tope unakuja na jembe lako, uwe tajiri uwe maskini. Baba yangu alikuwa akisema, "Mfereji ulichimbwa na wengi. Kidole cha mtu mmoja hakitoshi kuuziba." Mpaka leo msimamizi yupo, na wakati ule alikuwa mama mmoja mwenye mdomo, akikufokea hata mbwa wako anaomba radhi.

Zamu ya bwana mwenye kituo ikafika. Akapanda na vibarua wake kufungulia maji. Akakuta kijiji kimejaa kwenye kizuizi cha maji. Bodaboda yupo, mwenye duka yupo, mwalimu wa kwaya yupo. Mama msimamizi ameketi juu ya jiwe la kizuizi kama amekalia kigoda chake.

"Maji yameisha," akasema.

"Yameisha vipi? Si hayo hapo, nayaona!"

"Unayaona. Tunasubiri bei mpya."

Watu walicheka, jamani! Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana akafura kwa hasira. "Huu ni wizi! Maji si mali ya mtu! Yana utaratibu wake! Ng'ombe wangu watakufa! Nitakwenda serikalini, serikali iko wapi?"

"Hee, leo unaitafuta?" mama msimamizi akasema. "Ilikuwa pale ubaoni kwako, hukuiona?"

Naona mnacheka. Chekeni, hata mimi nilicheka niliposikia. Kisha mama msimamizi akamgeukia mwanamke wa nyanya, amesimama nyuma kabisa, viganja vimechubuka kwa mishikio ya ndoo. "Mama, wewe ndiwe uliyeumia. Sema. Tumfungie mpaka lini?"

Wote wanangoja aseme mwezi, aseme mwaka.

Akasema, "Fungueni."

"Nini?"

"Fungueni maji yapite. Mkifunga leo kwa ajili yangu, kesho mtafunga kwa ajili ya mwingine, na siku moja mtanifungia mimi. Mfereji una taratibu, nao ndio kitu kimoja kilichobaki hapa ambacho hakina mlango wa nyuma."

Kisha hakumtazama bwana wa mafuta hata kidogo. Akawatazama wale waliokuwa wanacheka. "Huyu alinifungia mbele, nikamwona. Afisa aliniomba mtu mmoja tu. Nilibisha hodi kwenu, mlango hadi mlango, na kila nyumba ilinuka petroli. Leo mnanichekea adui yangu? Maua yangu mliyaangusha pamoja naye."

Akachukua jembe lake akashuka. Mama msimamizi akainuka juu ya jiwe, na maji yakapita katikati ya miguu yao, yakaenda shambani kwa bwana wa mafuta, kipimo kile kile anachopata kila mtu.

Sasa na tuseme kweli sisi.

Mnaniuliza serikali ipange bei ya mafuta? Ipange! Nasema hapa hapa, mwenye kukasirika akasirike. Kitu ambacho mtu hawezi kulima bila hicho, hawezi kusaga, hawezi kumpeleka mwenye uchungu hospitali, hicho si pipi ya dukani, hicho ni mfereji. Na ipange zaidi ya bei. Ipange kwamba mwenye kituo afungue, maana bei ya kitu kilichofichwa ni maandishi kwenye ubao tu. Bomba la kijiji msimamizi akilifunga siku tatu asubiri bei, si tutambeba mzobemzobe? Kwa nini huyu wa mafuta tunampigia makofi kwenye harambee?

Lakini hayo nimesema kwa serikali, na serikali haijaketi kwenye mabenchi haya. Mmeketi ninyi. Sheria ilikuwepo, afisa alikuwepo, gari lilikuwa tayari kuja. Kilichokosekana ni mdomo mmoja. Na midomo yote ilikuwa imezibwa na dumu moja moja.

Ndivyo tulivyo, wanangu. Tukiwa na kiu tunapiga kelele mpaka mbingu zinasikia. Tukipitishiwa kidogo mlango wa nyuma, ghafla tunakuwa wapole, tunakuwa watu wa subira, tunamwambia mwenzetu avumilie. Sukari ilipofichwa mwaka ule, si hivyo hivyo? Mbolea ilipofichwa, si hivyo hivyo? Mwenye kuficha ni mmoja. Angetuweza vipi, mtu mmoja na kamba yake, kama sisi tusingekuwa tumejipanga kimya kimya kule nyuma?

Jumatano hii bei inatangazwa tena, na kamba huenda ikafungwa tena. Mama mmoja atakuja kubisha hodi kwako, anatafuta mtu wa kwenda naye kwa afisa. Hatahitaji umwambie ulinunua wapi. Utafungua mlango, naye atavuta pumzi.

Tusimame. Tusali, na kila mtu anuse kwanza viganja vyake.