Mji Usiopewa Kisogo

Palikuwa na Sultani Haidari wa Mkondoni, mji mkongwe ukingoni mwa mto. Ngamia wa bara walifikia hapo, punda wa pwani walifikia hapo, mashua za juu na za chini ya mto zilifunga hapo. Siku moja akaona msafara unaondoka, wote wameupa mji migongo. Akanuna. Ikapigwa mbiu: mji wa miaka mia nne haupewi kisogo. Atakayeupa atanyang'anywa alichokalia, papo hapo.

Basi jamani, mngeona vituko. Watu wakasafiri kinyumenyume. Waliopanda punda walikaa wakitazama mkia, punda akaenda anakotaka yeye. Msafara wa pwani ukatokea bara. Mzee wa watu akatumbukia mtaroni huku anauaga mji kwa adabu. Na askari walichukua kila kitu: punda, ngamia, hata jiwe alilokalia muuza kahawa.

Sasa kulikuwa na mjane, Mwanatumu, mvushaji wa watu mtoni. Mashua yake moja ndiyo iliyowalisha wanawe wanne. Naye alipiga makasia, na mpiga makasia hukaa kinyume na anakokwenda. Akitoka, anautazama mji, hana kosa. Akirudi, kisogo hicho. Askari wakamkamata gatini.

Akapelekwa barazani kwa Sultani, huku nyuma wengine wameshaishika kamba ya mashua. Mwanatumu aliogopa, nisiwadanganye. Ila ulimi haukuwa na habari.

"Umeupa mji wangu kisogo," alisema Sultani.

"Nilikuwa naurudia, bwana."

"Kwa kisogo?"

"Makasia ndivyo yanavyopigwa."

"Ungegeuza uso."

"Uso uko tayari, bwana. Shingo ndiyo haikubali."

"Basi ungekuwa unatoka tu, bila kurudi."

"Nitoke kila siku nisirudi? Hiyo mashua ya kutokea kesho ningeipata wapi?"

Sultani akaona anapotezewa wakati. "Sheria ni sheria. Haina mkubwa wala mdogo. Mashua ichukuliwe."

Mwanatumu akakitazama kiti cha Sultani. Kiti kikubwa, cha mpingo, kimewekwa ukingoni kabisa mwa baraza, kinaelekea mto, ili mwenyewe apate kuona vyombo vikiingia.

"Nimekubali, bwana. Naomba kuuliza kidogo tu. Hapo ulipokaa unaona nini?"

"Mto wangu."

"Na soko?"

"Liko nyuma yangu."

"Msikiti je? Maghala? Nyumba za watu?"

"Vyote viko nyuma yangu," alisema Sultani, kifua mbele. "Mji mzima."

Mwanatumu akawageukia askari.

"Mmesikia kwa kinywa chake. Mwinueni bwana taratibu, kiti kiende walikokwenda punda."