Zimwi Lililomjibia Mama

Sogeeni karibu, wanangu, masikio yenu yawe kwangu.

Hapo kale Mwatumu aliishi na mama yake, Bi Chausiku, kikongwe asiyeweza kujigeuza kitandani wala kushika kijiko, ila sauti yake ilikuwa bado ipo. Wakati wa mavuno, mwanamke mgeni alisimama mlangoni, akasema kwa upole, "Nenda shamba, mwanangu. Mama yako nitamtunza mimi."

Jioni ya kwanza Mwatumu aliuliza, "Mama, umekula?"

Mgeni akajibu, "Amekula, ameshiba."

Jioni ya pili Mwatumu alimwinua mama, akamwona mwepesi kama kapu tupu. "Mama, umekula?"

"Amekula, ameshiba."

Usiku ule Mwatumu hakupata usingizi.

Jioni ya tatu aliketi kitandani. "Mama, umekula?"

"Amekula, ame..."

"Niwie radhi, shangazi. Namuuliza mama, na nitamngoja ajibu."

Akangoja. Midomo ya kikongwe ilitetemeka bila sauti. Kisha, kwa nguvu zake zote za mwisho, mkono wake ukainuka polepole, ukauvuta mtandio wa mgeni ukaanguka. Kisogoni mwa mgeni palikuwa na mdomo wa pili, umejaa uji.

Mwatumu akachomoa kijinga cha moto jikoni, zimwi likatoka mbio. Hapo sauti ya mama ikarudi, nyembamba. "Nina njaa, mwanangu."

Akamlisha taratibu, kijiko baada ya kijiko. Tangu siku hiyo majirani wakapokezana kumtunza, na kila aliyeingia alimsikiliza mama mwenyewe.

Lakini zimwi halikufa. Lilifika kijiji cha pili, likabisha hodi kwa upole, likauliza kama ndani kuna mzee.