Vijiti Vitano vya Muhogo

Wazazi wangu, ndugu zangu, leo tumtazame mama mmoja mjane ambaye shamba lake lilikuwa linaoza chini kwa chini.

Juu lilionekana zima. Majani yalikuwa ya kijani na miti ilisimama kama kawaida. Lakini aking'oa muhogo na kuukata, ndani alikuta mabaka ya kahawia, makavu na machungu. Mwaka wa kwanza alikata sehemu mbovu akapika iliyobaki. Mwaka wa pili iliyobaki haikujaza sufuria. Mwaka wa tatu akajua kwamba hana mbegu tena, maana mbegu ya muhogo ni kijiti cha mti wenyewe, na ukipanda kijiti cha mti mgonjwa unavuna ugonjwa.

Ng'ambo ya njia palikuwa na shamba lenye uzio wa waya. Lilikuwa la watafiti. Ndani yake walipanda mihogo ambayo vinasaba vyake, yaani yale maelekezo yaliyo ndani ya kila kiumbe yanayoamua kiwe vipi, vilibadilishwa maabara ili ugonjwa ule usiishike. Mihogo ile ilistawi vizuri sana. Waliofanya kazi pale walipewa masharti. Kila ua likatwe kabla halijafunguka, ili nyuki wasibebe chavua kwenda mashamba mengine. Kisitoke kitu nje ya uzio, hata jani. Na jaribio likiisha, kila mti ung'olewe, uhesabiwe, uchomwe moto.

Sababu yake ilikuwa ya maana. Hakuna aliyejua bado mihogo ile ingemfanya nini mtu anayeila mwaka hadi mwaka, wala ingeyafanya nini mashamba ya jirani. Kulikuwa na kamati mjini iliyotoa kibali kwa masharti hayo, na kulikuwa na mkaguzi wa kuyafuatilia.

Yote hayo yaliandikwa. Yaliandikwa katika kitabu kilichokaa ofisini. Pale kwenye uzio paliandikwa maneno mawili tu: USIINGIE HAPA. Wanakijiji wakapaita gerezani. Walipopita waliulizana ile mihogo imefungwa kwa kosa gani, na kama inaruhusiwa kuletewa chakula.

Sasa, desturi ya muhogo mnaijua. Mtu akivuna, vijiti vinavyobaki anaviegemeza kando ya njia, na mwenye kuhitaji anapita anachukua. Akikutana nawe baadaye anakwambia, nilichukua vijiti vyako, nawe unamwambia, ungechukua na vile vingine. Haviuzwi. Jirani anaweza kukunyima chumvi ukarudi nyumbani kwako ukanyamaza. Akikunyima kijiti cha muhogo, habari hiyo itafika hadi kwenye mazishi yake.

Ndani ya uzio alifanya kibarua mama mmoja kijana, jirani wa yule mjane. Mwaka mzima alikata maua, na hakuacha hata moja likafunguka. Siku ya kuchoma ilipofika, mjane alikuja akasimama nje ya waya, akatazama miti mizima inavyoingia motoni.

"Mnachoma vijiti?" akauliza.

"Ndivyo tulivyoambiwa, bibi."

"Vizima?"

Yule kibarua akatia kingine motoni. Mjane akasema, bila hasira yoyote, "Mimi ningetosheka na vitano."

Jioni kibarua akatoka na vijiti vitano ndani ya kanga yake, akapitia kwa mjane, akaviacha mlangoni.

Niwaulize, alitenda vibaya? Najua jibu mlilo nalo mioyoni. Msilitoe kwanza.

Baada ya wiki tatu mkaguzi alikuja. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Kila mti ulikuwa na namba, na kila kijiti kilipaswa kuandikwa kabla ya kuchomwa. Alihesabu akapata pungufu ya vitano. Akamwambia mtafiti mkuu kwamba kibali kimesimamishwa hadi vitano hivyo vionekane, na visipoonekana jaribio limekufa, na kazi ya miaka sita imekwenda. Basi wakaita watu wote getini.

Kibarua alinyoosha mkono, akasema ni yeye. Alipoulizwa amevipeleka wapi hakuwa na haja ya kusema, kwa sababu mjane alikuwa anakuja njiani, ameshika vijiti vitano vyenye udongo bado. Vilikwishachipua. Kila kimoja kilikuwa na majani mawili matatu, madogo kama masikio ya panya.

Mtafiti aliona afadhali aeleze. Alieleza mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu uzio ule ujengwe, kwa nini maua yalikatwa, kwa nini vijiti vilichomwa, na ni kitu gani walichokuwa wanasubiri kukifahamu. Alieleza vizuri. Watu walimsikiliza, na wale waliopapachika jina la gerezani hawakucheka.

Mjane akauliza, "Kwa hiyo hamjajua bado kama inadhuru?"

"Hatujajua bado, mama. Pengine haidhuru. Lakini hatujajua."

Akaenda mwenyewe kwenye shimo la moto, akavitia vijiti kimoja kimoja pamoja na majani yake. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akarudi akasimama mbele ya mtafiti.

"Mwanangu, hilo neno ungelisema mwanzoni, ningengoja. Nimelima muhogo maisha yangu yote. Kungoja nakujua."

Mtafiti akainamisha kichwa. Mjane hakuwa amemaliza.

"Na mimi unanifahamu. Ulipiga hodi kwangu kabla hujajenga huu uzio. Uliomba vijiti vya muhogo wangu mweupe, ule mtamu, nikakufungia mzigo, nikakupa na chakula. Ukasema unakwenda kuvitazama. Sijakuuliza hadi leo uliona nini."

Mkaguzi aliomba kitabu. Wakakifungua pale pale juu ya boneti ya gari. Mihogo yote iliyokuwa ndani ya uzio, mti hadi mti, ilitoka kwenye mbegu namba saba, muhogo mweupe. Na mbele ya namba saba, penye nafasi ya kuandika ilikopatikana, paliandikwa jina la wilaya. Jina la mama yule halikuwepo.

Mkaguzi akamuuliza mtafiti, "Daktari, vile vijiti vyake vya mwanzo, ambavyo havikubadilishwa, viliisha?"

"Hapana. Viko kituoni kwetu, kwenye banda la wavu wa kuzuia wadudu. Tumevizalisha. Ni vizima, havina ugonjwa."

"Ni vingi?"

"Kama mia tatu hivi."

"Akivipanda vitaugua?"

"Vitaugua, lakini si leo. Atapata misimu miwili, labda mitatu."

"Kuna sharti lolote linalokataza kumrudishia mwenyewe?"

Mtafiti akafunua kurasa, japo kitabu kile alikijua karibu kwa moyo. "Hapana," akasema. "Hakuna."

"Mama huyu shamba lake limeoza miaka mitatu ng'ambo ya njia hii. Mbona hukumrudishia?"

Mtafiti alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkweli, akatoa jibu la kweli.

"Hakuna fomu yake," akasema.

Ndugu zangu, mfano unaishia hapo. Mtataka kujua yaliyofuata. Vijiti mia tatu vililetwa wiki iliyofuata, na safari hii waliviegemeza kando ya njia. Yule kibarua aliondolewa kazini, na sitawaambia kwamba alirudishwa, kwa sababu hakurudishwa. Sharti alilovunja lilikuwa la haki. Huruma yake ilikuwa ya kweli, na ingeweza kupeleka kitu kisichojulikana kwenye sufuria za kijiji kizima. Mambo hayo mawili yote ni kweli kwa pamoja, na mimi sijui namna ya kuyapunguza yakawa moja.

Lakini tazameni. Katika watu wote wale, aliyevunja sharti ni mmoja, yule mwenye huruma. Mtafiti hakuvunja hata moja. Alikata maua, alihesabu miti, alichoma alichoambiwa achome. Kila kilichoandikwa alikitimiza. Na jirani yake alikaa na njaa miaka mitatu, ilhali mbegu yake mwenyewe inanyweshewa maji kila asubuhi ndani ya banda.

Sisi tunaosikiliza hapa hatuna maabara. Lakini tutagongewa hodi. Watakuja watu kuomba vijiti vyetu, mate ya watoto wetu, damu ya ng'ombe wetu na damu yetu wenyewe, na wengi wao watakuwa watu wema wenye kazi njema. Sisi tumelelewa kumkaribisha mgeni na kumfungia mzigo kabla hajamaliza kuomba. Tuendelee hivyo. Ila tumuulize, kabla hajafunga kamba ya mzigo: ukishaona ulichokuwa unakitafuta, nani atarudi kuniambia? Swali hilo si utovu wa adabu. Mjane yule aliona haya kuliuliza, akalilipia kwa miaka mitatu. Na wakituambia ngojeni, hatujajua bado, tuwe na moyo wa kwenda kwenye shimo la moto kwa miguu yetu, kama yeye.

Na wewe ambaye umefika mahali, umesoma au una kazi, au una uzio wako na kitabu chako, usimnyooshee kidole mtafiti. Kuna mtu alikupa kijiti ulipokuwa huna kitu. Alikupa na chakula. Ukasema unakwenda kuvitazama. Hakuna sharti la ofisini kwako linalokudai urudi, wala hakuna fomu yake, na siku ya hukumu hutaulizwa fomu.

Mtu huyo unamjua. Umemkumbuka sasa hivi nilipokuwa nasema. Ibada ikiisha, usipitie kwako kwanza.