Sura ya Mwisho ya Bi Mwanakombo

Nawawekea mzani, wasikilizaji; mawe ya kupimia mje nayo wenyewe.

Bi Mwanakombo alikuwa mtunzi wa riwaya. Alikuwa na watu watatu: bintiye Hidaya, ambaye hapakuwa na mwandiko uliomshinda, mwanawe Shamte, fundi wa kuandika programu za kompyuta, na mkwewe Tabu, mke wa Shamte, aliyejua nani ni nani wa nani mtaa mzima.

Riwaya yake ya mwisho ilibakiza sura moja, kiharusi kikampata. Ulimi ulirudi, wahusika hawakurudi. Akisomewa sura ya kumi, ya pili imekwisha kumtoka.

"Nyumba yangu imejaa wageni," alilalamika, "na nisipoimaliza hadithi yao, nitaondoka nikiwa na deni."

Hidaya akaketi na miswada iliyochakurwa kama na kuku, akaichapa yote.

"Mama, hapa ni 'kilio' au 'kileo'?"

"Andika chochote. Katika riwaya zangu havikosekani vyote viwili."

Shamte akaandika programu ya kuzipekua sura zote. Kila mhusika akawa kiduara. Kila wawili waliokutana wakaungwa kwa mstari. Mama akaitazama ramani ile, akatikisa kichwa. "Hawa siwajui."

Tabu akachungulia begani kwa mumewe. "Baba Rajabu, mashine yako hukuifunza adabu! Siwema anatoweka sura ya nne, Mama Pili anaibuka sura ya tano. Mtu kajifungua! Nani angemwita tena kwa jina lake?"

Shamte akacheka, akavifanya viduara viwili kuwa kimoja. Hapo Siwema akasimama katikati, ameungwa na kila mtu isipokuwa Mosi, dada yake wa tumbo moja.

Mama akaweka kidole kwenye uwazi ule. Machozi yakamlenga. "Walikosana. Nilikuwa nawapeleka wakapatane."

Sura ikakamilika. Lakini Bi Mwanakombo ana desturi: kila kitabu hukitabaruku kwa mtu mmoja tu, jina lake likaandikwa ukurasa wa mbele.

"Mtaje Shamte," alisema Hidaya.

"Mtaje Tabu," alisema Shamte.

"Mimi? Mtaje wifi yangu, aliyeshindana na kuku!"

"Mnanitupia mzigo," mama alicheka, "na ulimi wenyewe mzito!"

Nimepiga hesabu: mwondoe yeyote kati yao, jibu ni sifuri. Bila Hidaya, programu haina cha kusoma. Bila Shamte, hakuna ramani. Bila Tabu, ramani ni ya wageni. Na mchapaji anasubiri, ukurasa wa tabaruku ungali mweupe.

Mzani ndio huo. Je, wewe ungeliandika jina la nani?