Mtu wa Kumi

Nikopesheni masikio. Midomo mtaihitaji baadaye, kwa sababu mwisho wa hadithi hii mimi sinao.

Palikuwa na kijiji cha Konkani, kusini ya Bombay, cha Wayahudi wakamua mafuta. Jirani zao Wahindu waliwaita Wakamuaji wa Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo vinu vyao havikuzunguka. Wengi walikwisha hamia Israeli. Walibaki wanaume tisa, wanawake wachache, na sinagogi dogo la vigae. Na sala ya Wayahudi haikamiliki bila wanaume kumi. Wakubwa wao wa dini huko Bombay wakatuma neno: Sabato tatu zikipita bila kumi, kitabu cha Torati kitachukuliwa na mlango utapigwa misumari.

Mbili zikapita. Ya tatu iliangukia kumbukumbu ya marehemu Danielji, mume wa Milkabai. Huyu Milkabai alifagia sinagogi na kutia mafuta kwenye taa yake miaka thelathini, na watu walipohesabiwa, yeye hakuhesabiwa hata nusu. Hilo alikwisha lizoea. Lakini mumewe akose hata dua ya mwaka, hilo lilimnyima usingizi.

Sasa, walikuwapo wazee watatu, kila mmoja na kipaji chake, kila mmoja akijiona yeye ndiye yeye.

Samaji alikuwa na kumbukumbu. Alijua nani kamzaa nani hadi kizazi cha saba. Ndiye aliyesema, "Yuko Harun wa Talevadi, fundi magurudumu. Ni mwenzetu." Hakuongeza kwamba ni yeye huyo huyo aliyetangaza, miaka ishirini nyuma, kuwa bibi yake Harun, mzaa mama, hakuwa Myahudi, na tangu hapo Harun akasimamishwa mlangoni, penye ndara zilizovuliwa, asiguse kitabu. Kumbukumbu ya mzee ilijua pa kukatikia.

Banduji alikuwa na kalamu. Aliketi kivulini akaandika: "Ndugu yetu mpendwa, bila wewe sisi si watu." Kweli tupu, maana walikuwa tisa. Akaisoma barua yake mara tatu, akajipenda.

Hanoki alikuwa na miguu. Ijumaa alfajiri alishika njia na barua kilembani, maili tisa za tope, akavuka mto maji yakimfika kifuani. Harun alimkataa. "Mara ya mwisho mlinihesabu pamoja na viatu," alisema. Kisha akasoma barua, akaketi, akaisoma tena. Hakuna mtu wa kijiji kile aliyewahi kumwita ndugu. Wakafika kabla jua halijatua, kwa kuwa Sabato ikiingia hawasafiri. Njia nzima Hanoki alimsimulia habari za magoti yake.

Asubuhi wakawa kumi. Desturi ya pale, mwenye kumbukumbu ya marehemu ndiye humtaja wa kufungua kabati la Torati, na heshima hiyo haina mfano. Milkabai alikuwa juu, upande wa wanawake, nyuma ya kimia cha mbao. Chini ukazuka ubishi.

"Nisingemkumbuka mimi, mngemwita nani?" Samaji aliuliza.

"Ungemkumbuka mpaka kesho, naye yuko kwake," Hanoki akamjibu.

"Wewe ulifika ukafukuzwa," Banduji akadakia. "Ni barua yangu iliyomleta. Shemeji Milkabai, taja jina. Ukinipita, natoka."

"Hata mimi natoka," akasema Samaji.

"Mimi nimekwisha simama," akasema Hanoki.

Milkabai aliwatazama, akawadharau kwa moyo wake wote. Wazee wazima, ndevu mpaka tumboni, wanagombea mpini wa kabati. Danielji alikuwa akisema, mtu mdogo mpe mlango, atajiona ndiye mwenye nyumba. Macho ya Milkabai yakatembea hadi kizingitini. Harun alikuwa amesimama peke yake kati ya ndara. Tangu asubuhi hakuna aliyemwambia sogea.

"Harun," aliita, "mbona uko hapo?"

"Ndipo pangu, Milkabai. Hawajaniambia pamehama."

"Na barua ilikuitaje?"

"Iliniita ndugu." Akaingiza mguu mmoja katika ndara yake.

Milkabai akapiga hesabu. Akimtaja mmoja wa wale watatu, wawili wanatoka, na Harun huenda akawatangulia. Akimtaja Harun, watatu wameapa kutoka. Kwa vyovyote kumi inavunjika, kesho kitabu kiko Bombay na Danielji hana wa kumwombea. Labda mmoja wao ameze kiburi chake, na mpaka leo hajaonekana aliyejaribu. Lakini jina lazima litajwe, na litajwe lenye haki.

Haya, midomo sasa. Aliyekumbuka, aliyeandika, aliyetembea, au aliyekuja? Kabati lina mpini mmoja. Ungekuwa wewe nyuma ya kile kimia, ungemtaja nani? Semeni, msitazamane, mguu wa pili wa Harun unatafuta ndara.