Mchanga Mweupe wa Korongoni

"Uwanja mtupu una mwenyewe." Mmelisikia neno hilo pale mnadani, mkacheka, na sasa mnaniuliza nani alilisema kwanza. Kaeni basi, niwaambie lilikotoka.

Zamani, mtemi mpya alipokuwa akitawazwa, vikundi vya ngoma vilialikwa kutoka kila upande. Kikundi cha Ndahani kilitoka mbali kuliko vyote. Walikuja kwa miguu: yeye, mkewe Mbeleje, mdogo wake Mwaluko aliyebeba ngoma kubwa, na wachezaji wao. Walifika mchana, nyayo zimepasuka, wakakuta mteremko wote umejaa wageni. Kila penye upenyo palikuwa na kibanda cha matawi, na watu walibanana juu ya mawe hata mtu akijinyoosha anampiga mwenzake teke.

Lakini chini yao palikuwa na uwanja mpana wa mchanga mweupe, laini, na hapakuwa na mtu hata mmoja.

Ndahani akacheka. "Watu wa huku wajinga kweli! Wanalalia mawe, na kitanda hiki hapa."

Mbeleje hakucheka. "Mume wangu, wote hawa wana macho. Tuulize kwanza."

"Tumuulize nani? Uwanja mtupu hauna mwenyewe."

Wakatua mizigo, wakatandika ngozi zao. Kule juu watu waliwaona. Chiloleti, mwenyeji wa pale, alidhani wanapumzika tu, kisha watapanda. Jirani yake alidhani Chiloleti ameshawaambia. Mbingu ilikuwa safi. Mvua ilikuwa imenyesha kwenye milima ya mbali, jicho lisikofika.

Mbeleje ndiye aliyesikia kwanza. Ardhi ilinguruma kama kundi la ng'ombe waliotimuliwa. Mara mteremko mzima ukapiga kelele: "Tokeni! Tokeni korongoni!"

Maji mekundu yakatokea kwenye kona, yamesimama wima kama ukuta, yamebeba magogo. Ndahani akamshika mkewe mkono, wakapanda mawe kwa magoti. Wachezaji wakafuata. Mwaluko naye alishafika ukingoni, Chiloleti amemkamata mkono, ndipo akageuka akaiona ngoma bado iko mchangani.

"Iache!" Ndahani alipiga ukelele. "Mwaluko, iache!"

Akajichomoa. Aliifikia, akaikumbatia, na maji yakawazoa wote wawili.

Basi. Hata jina lake hawakuwahi kuliita mara ya pili. Ndahani alisimama ukingoni akiyatazama maji. Pale alipokuwa ametandika ngozi yake, ulipita mti mzima na mizizi yake.

"Ni nini hiki?" aliuliza.

"Ni mto, ndugu yangu," Chiloleti akajibu. "Huondoka ukakaa miezi, lakini hapa ni kwake. Niliwaona mkitandika. Niliwaona, nikanyamaza."

Mwaluko walimkuta mbali sana huko chini, wakamzika hukohuko. Mtemi alitawazwa bila ngoma kulia. Tangu hapo wenyeji wa kule wana desturi ya kushuka njiani kumpokea mgeni, wakamwonyesha mahali kabla hajatua mzigo.

Kaburini walimwomba Ndahani aseme neno kama mkubwa wa marehemu. Akasema, "Mimi nilisema hauna. Uwanja mtupu una mwenyewe."